Utomvu Gani Huziba Maji?

Anayemenya fenesi hujipaka mafuta mikononi kabla hajashika kisu. Nenda soko la Mabibo msimu wa mafenesi utawaona wauzaji: kisu kimepakwa mafuta, viganja vinang'aa, kitambaa kiko begani cha kufutia ule weupe unaochuruzika kwenye moyo wa tunda. Ukijisahau ukanaswa, maji ya bomba hayakusaidii, na sabuni inakuzungusha tu. Mpaka upate mafuta ya kula au ya taa, usugue, ndipo vidole viachane.

Kitu kinachoyakataa maji kiasi hicho, kwa nini kisizibe paa linalovuja?

Swali hili huja Dar es Salaam kila masika, kuanzia Machi hadi Mei, pale kila nyumba inapojua upungufu wake. Dari linaanza kuwa na ramani za kahawia, beseni linawekwa katikati ya sebule, na kopo la dawa ya kuzuia maji dukani bei yake inakurudisha nyumbani mikono mitupu. Ndipo ushauri unapomiminika. Huyu anasema chukua utomvu wa mnyaa, changanya na saruji. Yule anasema gundi ya mkorosho. Mwingine ana jamaa yake Mkuranga aliyepaka utomvu wa mti fulani na hajavujiwa tena.

Mimi mwenyewe nimeona utomvu ukiziba na nimeona utomvu ukishindwa. Bibi yangu aliziba tundu la ndoo ya bati kwa utomvu wa mfenesi. Aliukusanya kwenye kijiti, akauzungusha juu ya makaa mpaka ukalainika, akaukandamiza kwenye tundu kwa kidole kilicholoweshwa maji, na ile ndoo ikaendelea kuchota kisimani. Miaka mingi baadaye, nikiishi Mbagala, niliokota gundi ya mkorosho, vipande vigumu vya rangi ya asali vinavyopitisha mwanga kama kioo. Nikaiyeyusha kwenye maji ya moto, nikaijaza kwenye nyufa za mlango wa banda la kuku. Ilikauka vizuri mno, ngumu kama kucha. Mvua ya kwanza ikaiteremsha mlangoni kama uji.

Zote mbili tunaziita utomvu, na tatizo linaanzia hapo. Kiswahili kimekusanya chini ya jina hilo karibu kila kitu kinachotoka kwenye mti uliojeruhiwa, na kwa mazungumzo ya kawaida inatosha. Kwa anayetaka kuzuia maji haitoshi, kwa sababu ndani ya jina hilo mna vitu visivyo na undugu.

Kwanza yako maji ya mti yenyewe, yale yanayopanda kutoka mizizini na kushuka kutoka majanini. Ni maji yenye sukari na chumvichumvi kidogo, hayazibi kitu, tuyaache.

Kuna gundi. Hii ni minyororo mirefu ya sukari ambayo mti huitoa kufunika jeraha. Gundi ya mgunga, ile inayouzwa duniani kote na kutiwa kwenye peremende na soda, ni ya jamii hii, na gundi ya mkorosho vilevile. Kila pete ya sukari kwenye mnyororo ina vishikizo kadhaa vinavyopenda kushikana na maji, kwa hiyo maji yakija, gundi huyakaribisha, ikavimba, ikateleza, ikaondoka nayo. Ugumu wake ikiwa kavu unadanganya. Mimi ulinidanganya kabisa.

Kuna resini. Kiswahili kina jina zuri la mojawapo, sandarusi, na nitairudia baadaye. Resini imejengwa kwa kaboni na hidrojeni kwa sehemu kubwa, kama mafuta yalivyo, na vishikizo vya kushika maji ni vichache. Maji yakiigusa hujikunja kuwa matone na kuteremka. Spiriti huiyeyusha, tapentaini huiyeyusha, maji hayaiwezi. Ubani umesimama katikati: ndani yake mna gundi na resini pamoja, ndiyo maana ukiuloweka maji hugeuka meupe kama tui. Gundi imeyeyuka, resini imebaki ikielea kwa vitone vidogo mno.

Na kuna maziwa ya mpira. Ukiyatazama yanatiririka kama maji, kwa sababu kweli ni maji: vitone vya mpira vimetawanyika ndani yake, na kwenye mti wa mpira wa mashambani hufikia kama theluthi moja ya uzito wote. Ukitia tindikali, hata ya ndimu, vile vitone hukimbiliana na kuganda. Kilichoganda hakirudi tena kuwa maziwa. Hapa lakini tahadhari: weupe si ushahidi wa mpira. Papai bichi linatoa maziwa meupe, na kinachotafutwa humo ni kimeng'enya kinacholainisha nyama. Usimwage maziwa ya papai kwenye ufa ukategemea chochote.

Utomvu wa mfenesi una resini nyingi pamoja na mpira kidogo. Ndiyo maana unanata kuliko resini tupu, na ndiyo maana mafuta huuachanisha na maji huuacha palepale. Bibi hakuhitaji kuambiwa hayo. Alijua kwa vidole vyake.

Kabla hujaziba chochote, basi, chukua kipande cha utomvu mkavu ukubwa wa punje ya haragwe, kitie kwenye glasi ya maji, kiache mpaka asubuhi. Kikivimba na kuwa kamasi, hiyo ni gundi: bandikia karatasi. Kikibaki kama ulivyokiweka, kijaribu kwenye spiriti. Kikilegea na kunata, una resini. Kama spiriti haikifanyi kitu lakini petroli inakivimbisha, yaelekea ni mpira. Jaribio hili la glasi tatu lingeniokolea kazi ya siku nzima pale Mbagala.

Ila kuyakataa maji ni nusu ya safari. Kizibo kina kazi tatu: kisipitishe maji, kishike pale kilipowekwa, na kifuate mwendo wa pale kilipowekwa. Hiyo ya tatu ndiyo inayowashinda wengi. Paa la Dar es Salaam saa nane mchana linachoma, na mvua ikilidondokea linapoa kwa dakika chache. Bati hutanuka na kusinyaa, zege vilevile, mbao hunywa maji na kukauka. Ufa unapumua. Resini tupu ni ngumu na nyepesi kupasuka: ufa ukifunguka hata unene wa unywele, nayo inakatika. Mpira unavutika na ufa, lakini mpira mbichi wa asili hulainika na kunata kwenye joto, kisha jua na hewa vinaikata ile minyororo yake. Umeona mpira wa kufungia noti uliosahauliwa dirishani unavyopasukapasuka. Hayo ndiyo yangelipata paa lako, tena kwa upana wote.

Watu walihangaika na hili zamani. Mwaka 1823 Charles Macintosh wa Glasgow aliyeyusha mpira kwenye mafuta ya lami ya makaa ya mawe, akaubana katikati ya vitambaa viwili, akapata koti lisilopitisha mvua. Makoti yalinata wakati wa joto na kukakamaa wakati wa baridi. Dawa ilikuja kwa kuupika mpira pamoja na salfa, ambayo huifunga minyororo yake kwa madaraja madogo, na Charles Goodyear alipata hataza yake Marekani mwaka 1844. Tangu hapo mpira wenyewe umekuwa mchanganyiko. Tairi, mpira wa bomba, kandambili, hakuna hata kimoja ambacho ni utomvu ulioganda tu.

Pwani yetu ilikuwemo kwenye habari hii tangu mwanzo, na naona tunaisahau mno. Sandarusi ni resini ya msandarusi, mti wa misitu ya pwani ya Afrika Mashariki. Iliyokuwa na thamani zaidi haikugemwa mtini. Ilichimbwa ardhini, mahali misitu iliposimama zamani na kutoweka, ikiwa imekaa udongoni muda mrefu na kukomaa. Wazaramo na watu wengine wa Mrima waliichimba, ikavushwa Unguja, na katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Salem huko Marekani waliinunua kwa wingi. Ilikuwa na ngozi ya vijipele kama ya bata aliyenyonyolewa, na sifa yake ilikuwa ugumu: katika resini za kutengenezea vanishi, iliyouzwa kwa jina la Zanzibar ilihesabiwa miongoni mwa ngumu kuliko zote. Magari ya farasi ya Ulaya na Marekani yalikingwa mvua kwa kitu kilichochimbwa kwa majembe kwenye ardhi ya pwani hii.

Lakini angalia walivyoitumia. Sandarusi ya ardhini haiyeyuki kirahisi. Wapishi wa vanishi waliipasha moto mpaka karibu nyuzi 300, ikapoteza sehemu ya uzito wake kwa moshi, kisha wakaimiminia mafuta ya kitani yaliyochemka. Kazi ya hatari, viwanda viliungua. Walitaka ugumu na ukataaji wa maji kutoka kwenye resini, na unyumbukaji kutoka kwenye mafuta. Kimoja peke yake hakikutosha.

Na si kila mafuta. Tazama karai la jikoni: pembezoni, mahali mafuta ya alizeti yalipokauka mara nyingi, kuna utando wa kahawia unaonata ambao steelwool inauhangaikia. Mafuta hayo yamevuta hewa na kuanza kugeuka ngozi. Mafuta ya kitani hufanya hivyo vizuri zaidi, ya alizeti na ufuta kwa kiasi, ya nazi hayafanyi kabisa. Paka mafuta ya nazi kwenye mbao leo, mwezi ujao bado yatakuwa mafuta. Anayetaka ngozi ngumu juu ya mlango achanganye resini na mafuta yanayokauka. Anayetaka kitu kitakachobaki laini ndani ya ufa achague mafuta yasiyokauka.

Hilo la pili utaliona Kunduchi, kwenye mchanga, mahali vyombo vinapopandishwa kutengenezwa. Nilikaa asubuhi nzima nikimtazama mzee mmoja akitia kalafati. Alichambua pamba, akaisokota viganjani mpaka ikawa kamba nene kama kidole cha mwisho, akaichovya kwenye mafuta, akaibana ili isitiririke. Kisha akaiweka kwenye mwanya kati ya mbao mbili, akashika chembeu, ile patasi butu ya kazi hiyo, akaanza kugonga kwa nyundo ya mti. Sauti ilibadilika kadiri pamba ilivyokuwa inashuka: mwanzoni nzito, baadaye kavu kama mtu anayebisha mlango. Alipoisikia hiyo ya pili alisogea mbele upana wa kiganja.

"Shikamoo mzee. Huweki gundi yoyote?"

"Marahaba. Gundi ya nini, mwanangu? Mti wenyewe utabana."

Sehemu ya chini inayozama majini, vyombo vya pwani vilipakwa deheni, chokaa iliyokandwa na shahamu. Miaka mingi nilidhani chokaa ilikuwa ya rangi tu. Kumbe humo mna kemia ambayo kila anayefua kwa maji ya kisima cha Dar anaifahamu. Maji magumu hayatoi povu, na sabuni hugeuka ukoko mweupe unaong'ang'ania beseni. Ukoko huo ni sabuni ya kalisi, madini yaleyale yaliyomo kwenye chokaa, na maji hayaiyeyushi. Chokaa ikikutana na mafuta huzaa kitu cha namna hiyohiyo, safari hii kwa makusudi, juu ya mbao.

Na hapa ndipo utomvu unapata nafasi nzuri kuliko zote ninazozijua. Utomvu wa misindano, ambao siku hizi unagemwa hata kwenye msitu wa Sao Hill kule Mufindi, ukipashwa moto hutoa tapentaini kwa mvuke na kuacha kolofoni, resini ya njano inayovunjika kama peremende. Kolofoni ni tindikali. Ikipikwa na chokaa kidogo, tindikali ile hufungwa, resini inakuwa ngumu zaidi na hainati ovyo kwenye joto. Viwanda vya vanishi vimeitumia njia hiyo muda mrefu. Ni deheni ileile kwa mlango mwingine: mafuta ya mnyama yametoka, resini ya mti imeingia.

Kuna utomvu unaokinga mbao hata ukiwa peke yake, nao unatoka kwenye ukoo wa mkorosho na mwembe. Ni ule wa mti wa lakeri wa China na Japani. Ukipakwa kwenye mbao hauhitaji jua ukauke. Unahitaji hewa yenye unyevu mwingi, asilimia 70 na zaidi, kwa sababu kimeng'enya kilichomo ndani yake hufanya kazi penye unyevu. Mabakuli yaliyopakwa hivyo hutiliwa supu ya moto karne na karne. Ukiwa mbichi, lakini, huwasha na kubabua ngozi vibaya. Anayekula embe lisilooshwa kwenye kikonyo akaamka na midomo imevimba amekutana na ndugu yake mdogo.

Ndugu mwingine tunaye Mtwara na Lindi kwa magunia: mafuta ya ganda la korosho. Si utomvu hasa, yanatoka kwenye sega la ganda, lakini molekuli zake zinafanana na za lakeri, nayo yakishughulikiwa kiwandani huwa resini ya kukinga mbao na chuma dhidi ya maji. Mabichi yanachoma. Wanaobangua korosho kwa mikono wanajua. Kama kuna mahali nchi hii ingetafuta kizibo chake cha asili, mimi ningeanzia kwenye maganda hayo kabla ya kwenda porini kuchanja miti.

Huko porini tulishawahi kwenda. Neno mpira lilikuwa jina la mimea ya porini inayotoa maziwa ya mpira kabla halijawa la mchezo. Wajerumani walipanda kwa maelfu mpira wa Ceara, mti kutoka Brazili wa ukoo wa muhogo, na mwaka 1913 bei ilianguka kwa sababu mashamba ya Asia yalikuwa yameujaza ulimwengu mpira bora zaidi. Mashamba yalitelekezwa, miti ikabaki. Leo tunachuma majani yake tukatwanga: ndicho kisamvu cha mpira. Mpira ule wa Asia nao ulipandwa baadaye Kihuhwi wilayani Muheza na Kalunga kule Kilombero.

Turudi kwenye paa lako. Kumwaga maziwa ya mpira kwenye saruji, kama wanavyoshauriana watu, kunaleta mabonge. Saruji imejaa kalisi, na kalisi huvigandisha vile vitone papo hapo kabla havijasambaa. Viwanda huweka dawa ya kuvituliza, au hutumia maziwa ya mpira wa kutengenezwa, yale yanayouzwa madukani Gerezani kwa galoni. Mnyaa ni mbaya zaidi. Utomvu wake una resini zaidi kuliko mpira, unaunguza ngozi, na ukirukia jichoni unaweza kumpofusha mtu. Wavuvi wameutumia kulewesha samaki. Asiutie mtu karibu na tangi la maji ya kunywa, wala asimtume mtoto akauchanje.

Paa la zege, bafu chini ya vigae, tangi la ardhini: hapo mimi ningenunua lami au dawa ya dukani, hata kama inabidi kusubiri mshahara. Jua la huku na mgandamizo wa maji ni vikali mno kwa resini ya kupika nyumbani. Mlango wa mbao, dirisha la jahazi, mzinga, mtungi, turubai la pamba, kasha, huko utomvu una kazi, ukiwa umechanganywa na mafuta yanayokauka au nta, ukapakwa kwa matabaka membamba kwenye kitu kikavu kabisa, na ukakubali kuurudia kila baada ya misimu kadhaa. Mahali palipo giza na maji tupu, pasipo jua wala hewa nyingi, utomvu unaweza kudumu ajabu. Waya wa telegrafu uliotandazwa chini ya bahari kutoka Aden hadi Unguja mwaka 1879 ulifunikwa kwa gata-percha, utomvu ulioganda wa miti ya Malaya. Bahari ya Hindi yote ilikuwa juu yake na shaba ya ndani ikabaki kavu.

Nilirudi Kunduchi siku ya bamvua, chombo cha yule mzee kiliposukumwa majini. Kilivuja. Maji yaliingia kupitia zaidi ya viungo kumi, vijito vyembamba vinavyong'aa, na kijana wake akaanza kuyachota kwa kata la plastiki akimtazama baba yake kwa wasiwasi.

"Acha kwanza," mzee alimwambia, mkono wake ukiwa juu ya ubao. "Mti unakunywa."

Kufikia saa nne vijito vilikuwa vitatu. Adhuhuri nilichungulia tena, kilikuwa kimoja, na kijana alikuwa amelala kivulini na kata lake.